Fuggle, Golding na Wale Thelathini wa Mto Medway

Ndugu msomaji, siku moja jaribu kuuliza meza ya vijana katika baa yoyote ya mjini: uchungu wa bia unatoka wapi? Mmoja atasema ni shayiri. Wa pili atabisha kuwa pombe yenyewe ndiyo chungu, haina cha kuuliza. Wa tatu, yule mjuaji wa meza, atageuza chupa, asome lebo na kutamka "hopsi". Wote watatikisa vichwa, kisha mazungumzo yatarudi kwenye mpira. Hopsi ni nini? Inaota wapi? Nani anaichuma? Hapo hakuna anayejibu.

Mimi nimeifuata hopsi vitabuni kwa sababu nataka kuandika riwaya, na mtu anayetaka kuandika riwaya lazima ajue vitu vinatoka wapi. Nilidhani nitakutana na habari za kilimo tu. Kumbe nimekutana na habari za majina: nani hupewa jina, nani hunyimwa. Kwa hiyo makala haya yatalinganisha aina za hopsi, lakini nakuomba uwe unaangalia na watu waliosimama nyuma yake.

Tuanze na mmea wenyewe. Hopsi ni mmea unaotambaa juu, wenye miti ya kiume na ya kike mbalimbali, kama mipapai yetu. Wanaohitajika kwenye bia ni majike. Wanatoa vichwa vya maua vya kijani, vyenye magamba laini yaliyopangana kama tunda la msonobari. Ukikipasua kichwa kimoja utaona unga wa njano unaonata, unaitwa lupulini. Humo ndimo kuna asidi za alfa, ambazo zikichemshwa pamoja na maji ya kimea kwa saa nzima hivi hugeuka na kutoa uchungu. Humo pia kuna mafuta yenye harufu. Lakini mafuta hayo hayapendi moto, yanapaa na mvuke. Ndiyo maana mpika bia hutia hopsi za uchungu mwanzo wa kuchemsha na hopsi za harufu mwishoni. Tena hopsi huzuia vijidudu vingi vinavyochachisha bia vibaya, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya Ulaya ikaikumbatia: bia yenye hopsi ilidumu, ikaweza kusafiri.

Kwetu haistawi. Hopsi inataka baridi ya kulala na siku ndefu za kiangazi ili itoe maua vizuri, na huku karibu na ikweta mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Kwa hiyo tangu kiwanda cha kwanza cha bia kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1922, uchungu wa bia zetu umekuwa ukija kwa meli.

SHINA MOJA, MASHAMBA ELFU

Sasa kuna jambo la kushangaza kidogo. Mkulima wa hopsi hapandi mbegu. Anakata kipande cha shina la chini na kukichimbia, kama sisi tunavyofanya kwa muhogo. Maana yake ni kwamba shina lote la aina moja, popote lilipo duniani, ni kipande cha shina moja la kwanza. Ukipanda mbegu utapata mtoto mwenye tabia zake mwenyewe, na hujui atakuwaje. Kwa hiyo kila aina ina mwanzo wake: siku moja, mahali pamoja, mtu mmoja aliona mmea mmoja akasema, huu tuuweke.

Chukua hopsi ya Saaz, inayotoka mji wa Žatec huko Bohemia, ambako leo ni Jamhuri ya Cheki. Asidi zake za alfa ni chache, asilimia 3 hadi 4 na nusu hivi. Uchungu wake ni mpole, harufu yake ni ya majani na viungo, haipigi kelele. Mwaka 1842 Josef Groll alipopika bia ya rangi ya dhahabu mjini Plzeň, alitumia hopsi ya Saaz. Bia ile ndiyo mama wa laga nyepesi zilizoenea dunia nzima, na chupa unayoiona mezani kwako ni mjukuu wake.

Uingereza walichelewa. Huko zamani walikuwa na kinywaji chao cha kimea kisicho na hopsi, wakikiita ale. Bia yenye hopsi ililetwa na watu kutoka Uholanzi na Flanders, na wenyeji walilalamika sana. Mwaka 1542 tabibu Andrew Boorde aliandika kwamba ale ndicho kinywaji cha asili cha Mwingereza, na bia ni ya Mholanzi, tena inamwezesha kunenepa. Unaona? Kitu ambacho leo ni fahari ya Uingereza kilipokewa kama uchafu wa wageni. Mwaka 1574 Reynolde Scot wa Kent akatoa kitabu cha kwanza cha Kiingereza cha kufundisha kilimo cha hopsi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1584, mtu huyohuyo akaandika kitabu kingine kikubwa cha kupinga mauaji ya wanawake waliosingiziwa uchawi. Mtu aliyezoea kuangalia mmea kwa macho yake, nadhani, alikuwa mgumu kudanganywa na hadithi za watu kuruka na ungo.

Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ikawa nchi ya hopsi. Mwishoni mwa karne ya 18 mkulima mmoja aitwaye Golding, wa huko Malling, aliona katika shamba lake shina lililozidi wenzake kwa ubora. Akalikata vipande, akavipanda, na aina hiyo ikachukua jina lake: Golding. Asidi zake ni asilimia 4 hadi 6, harufu yake ni tamu, ya kistaarabu kama wanavyopenda kusema wenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia mbili ikawa ndiyo kipimo cha hopsi bora Uingereza.

Halafu kuna Fuggle. Hapa naomba twende polepole.

KAPU LA MAMA STACE

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea John Percival aliandika jinsi Fuggle ilivyopatikana. Alisema mmea wa kwanza uliota wenyewe katika bustani ya maua ya bwana George Stace, kijiji cha Horsmonden, na ulionekana mnamo mwaka 1861. Mbegu ilifikaje pale? Mke wa bwana Stace alikuwa akienda kuchuma hopsi na kapu la chakula. Aliporudi nyumbani alilikung'uta, na pamoja na makombo ya mkate ikaanguka mbegu. Mnamo 1875 bwana Richard Fuggle wa kijiji cha Brenchley akaitoa aina hiyo kwa wakulima.

Watafiti wa miaka ya karibuni wameitilia shaka simulizi hii, hasa miaka yake na watu waliotajwa. Wana haki, kwa maana iliandikwa miongo mingi baada ya tukio. Lakini hata kama ni hadithi, itazame ilivyoundwa. Kapu ni la mama. Makombo ni ya mama. Aliyekwenda kuchuma ni mama. Bustani inaitwa ya mumewe, hopsi inaitwa ya jirani, na yeye mwenyewe jina lake la kwanza halikuandikwa. Waliosimulia kisa hiki waliona ni kawaida kabisa.

Fuggle ilienea kuliko zote. Harufu yake ni ya udongo na mbao, si nyororo kama Golding, ila ilistahimili udongo mzito na unyevu uliomshinda Golding. Hadi katikati ya karne ya 20 zaidi ya nusu ya hopsi zote za Uingereza zilikuwa Fuggle. Hebu kumbuka nilichosema juu ya vipandikizi: zaidi ya nusu ya hopsi za nchi nzima zilikuwa mmea mmoja uliokatwa vipande. Ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Kent kuanzia mwaka 1924, ulipoingia kwenye shamba la Fuggle haukukuta shina hata moja la kubisha. Sisi tuliowahi kuona batobato ikimaliza shamba la muhogo tunaelewa.

WALE THELATHINI

Nani alizichuma hopsi hizi? Kila Septemba maelfu ya watu maskini wa London ya Mashariki, wengi wao wanawake na watoto, walikwenda Kent. Walikwenda pia Wagypsy na Waayalandi. Walilala kwenye vibanda na mahema, walichuma kutwa, mikono ikakatwa na mashina yenye miiba midogo na kuwa myeusi kwa utomvu. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa likizo pekee ya mwaka, na wazee waliokulia katika desturi hiyo huisimulia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, sibishi. Lakini kilikuwepo na kitu kingine.

Tarehe 20 Oktoba 1853, karibu na kijiji cha Hadlow, gari la farasi lilikuwa likiwarudisha wachumaji kambini jioni. Mto Medway ulikuwa umefurika. Wakavuka daraja la mbao la Hartlake. Ubao wa pembeni ukavunjika na gari likatumbukia mtoni. Walikufa watu thelathini: wanaume, wanawake, watoto, familia za Wagypsy na Waayalandi. Uchunguzi ulitamka kuwa ni ajali. Katika makaburi ya kanisa la Hadlow kuna mnara wa kuwakumbuka, umejengwa kwa umbo la nyumba ya kukaushia hopsi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Niliwaza hivi: Golding aliona shina moja zuri, jina lake likakaa kwenye mapishi ya bia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Fuggle aliuza vipandikizi, jina lake likavuka bahari. Hata Slovenia kuna hopsi maarufu wanayoiita Styrian Golding, kumbe wataalamu wakaja kugundua ni Fuggle iliyobadilishiwa jina. Yaani hata kwa kukosea, majina yaliyozunguka ni ya wenye mashamba walewale wawili. Thelathini wa Medway walipata jina lao juu ya jiwe, na walilipata kwa sababu walikufa pamoja siku moja. Waliokufa mmojammoja vibandani hawakupata hata hilo.

Waandishi walikuja baadaye. Mwaka 1902 Jack London, akiwa kijana wa miaka 26, alikwenda Kent kuona wachumaji, na mwaka 1903 akawaweka katika kitabu chake cha maskini wa London, People of the Abyss. Mwaka 1931 kijana mwingine, Eric Blair, akajichanganya nao kama kibarua. Alikuwa na miaka 28, hana kitabu, hana jina. Siku hizi tunamjua kama George Orwell. Aliandika makala juu ya kazi ile, na baadaye akaitumia katika riwaya yake ya mwaka 1935, A Clergyman's Daughter.

Jambo moja alilolieleza lilinifanya nicheke kwa uchungu. Malipo yalihesabiwa kwa busheli, kipimo cha karibu madebe mawili yetu. Lakini hopsi ni kitu chepesi, ukiitia kwa upole inajaa haraka, ukiikandamiza inazama. Mpimaji alikuwa mtu wa mwenye shamba, na kuna siku aliamriwa akandamize. Mchumaji anaona kazi yake ya asubuhi nzima inashuka ndani ya kikapu mbele ya macho yake, na hana la kusema. Bwana, hiyo si lumbesa? Mkulima wetu wa vitunguu anayeshonewa kilemba juu ya gunia, na mchumaji wa Kent, wangekaa kijiweni wangeelewana bila mkalimani. Mashine za kuchuma zilipoenea miaka ya 1950 na 1960, safari zile za Septemba zikaisha, na ugomvi wa busheli ukaisha nao.

MTOTO ALIYEKATALIWA

Hadi hapo aina mpya zilipatikana kwa bahati. Aliyeamua kuzitengeneza kwa makusudi ni Ernest Stanley Salmon, mwalimu wa Chuo cha Wye, hukohuko Kent. Mwaka 1916 aliletewa kipandikizi cha hopsi ya mwitu kutoka Morden, jimbo la Manitoba, Kanada. Akakipa namba, BB1, akakipanda. Mmea huo ulikufa katika baridi ya 1918 kuingia 1919. Lakini kabla ya kufa ulikuwa umeshatoa mbegu. Baba hakujulikana, upepo ndio ulioleta chavua kutoka kwa madume ya Kiingereza ya jirani.

Mbegu zile zilipandwa mwaka 1919, na mmoja wa watoto hao akawa Brewer's Gold. Asidi zake za alfa zilifika asilimia 8 hadi 10, karibu mara mbili ya Golding. Ungedhani wapika bia wangeshangilia. La hasha! Walilalamika kwamba inanuka. Inanuka Kimarekani, walisema, harufu kali ya matunda isiyofaa katika bia ya kiungwana. Wakulima hawakuipata hadi mwaka 1934, na hata hapo wengi waliitumia kwa kuficha: tia mwanzo wa kuchemsha, harufu ipae, ubaki uchungu tu.

Lakini hesabu haina ubaguzi. Ukitaka uchungu uleule, utahitaji karibu kilo 4 za Saaz yenye asilimia 3 na nusu mahali ambapo kilo 1 tu ya hopsi yenye asilimia 14 ingetosha. Kiwanda kikubwa hakiwezi kudharau tofauti hiyo. Kwa hiyo wataalamu wakaendelea kumzalisha mtoto huyo aliyekataliwa. Galena ya Marekani ni bintiye. Magnum ya Ujerumani ni mtoto wa Galena. Nugget ina damu yake, Centennial pia. Hopsi nyingi kali za uchungu zinazolimwa duniani zinarudi kwa yule mgeni wa Manitoba aliyeishi Kent miaka michache akafa kwa baridi.

Upande wa harufu nao ukageuka. Mwaka 1956, huko Oregon, Marekani, watafiti wa serikali walikusanya mbegu za hopsi ambayo mama yake alikuwa Fuggle. Walitafuta mmea utakaostahimili ubwiri. Walichagua, wakajaribu, wakasubiri miaka 16, na mwaka 1972 wakatoa Cascade. Hii ilinuka balungi na maua, waziwazi, bila aibu. Wakati huohuo mnyauko ulikuwa ukiangamiza mashamba ya hopsi bora za Ujerumani, bei zikapanda, na kampuni kubwa za Marekani zikaijaribu Cascade kama mbadala. Lakini waliompa heshima ya kweli ni wadogo: Anchor ya San Francisco na Liberty Ale yake ya mwaka 1975, na Sierra Nevada ya Chico, California, iliyoanza kupika Pale Ale yake mwaka 1980. Hawakuificha harufu ile. Waliiweka mbele, na watu wakaipenda. Kilichoitwa uvundo mwaka 1934, nusu karne baadaye watu walikifuata na kukilipia.

Nawaambia vijana wenzangu mnaoandika: wazee wanaposema kazi yako "inanuka", wakati mwingine wanasema kweli, na wakati mwingine wanasema tu kwamba haifanani na Golding. Kazi yako ni kujua tofauti. Salmon hakubishana na wapika bia magazetini, aliendelea kupanda. Watu wa Oregon walisubiri miaka 16. Sisi tukirudishiwa hadithi mara moja tu na mhariri tunataka kuvunja kalamu.

UCHUNGU WA KWETU

Wengine watauliza, haya ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu hivi. Kabla meli haijaleta hopsi, Wachaga walikuwa tayari wanapika mbege kwa ndizi na ulezi, na uchungu wake waliutia wao wenyewe, kwa magome ya mti wa msesewe. Mpishi aliyejua kazi yake alijua kiasi: yakizidi pombe hainyweki, yakipungua inakuwa uji mtamu. Hiyo ni elimu ileile ya Josef Groll na ya wapika bia wa Kent. Nao walianza kwa ulimi kabla ya maabara.

Tofauti ni kwamba wao waliandika. Scot aliandika mwaka 1574, Percival akaandika, Orwell akaandika, na hata kama waliacha jina la mama mwenye kapu, angalau kapu lilibaki. Kwetu, nani ameandika ni mama gani katika ukoo gani alikuwa bingwa wa msesewe? Miti ipi, ya mteremko upi, magome ya umri gani, yalionekana bora? Wapo bibi wanaoyajua haya leo. Hawayasemi kwa sababu hakuna aliyewauliza, na sisi wenye madaftari tunakaa mjini tukitafuta hadithi za mapenzi za kuiga.

Mimi nimeshaamua. Likizo hii nauli yangu ni ya Moshi. Nitauliza juu ya msesewe, na swali la kwanza kabisa nitakalomuuliza kila mama atakayekubali kuzungumza nami ni jina lake, lote, herufi kwa herufi.